Nyumba Isiyoingia Maji

Mawingu yakijikusanya juu ya Kawempe, akina mama wa Bwaise hawapotezi muda kuyatazama. Huanua nguo, hupandisha magodoro juu ya meza, hubeba watoto mgongoni, kisha macho yao yote huelekea nyumba moja. Ni nyumba ya Faridah, iliyoinuka katikati ya nyingine kama mtu aliyesimama kwenye kundi la waliochuchumaa.

Faridah ni Mnubi. Babu wa babu yake aliletwa na Waingereza kutoka Sudan akiwa na bunduki begani, na vita vilipokwisha hakuna aliyekumbuka kumrudisha. Yeye mwenyewe alizaliwa Bombo, akaolewa Bwaise, akafiwa na mume hapo hapo. Kazi yake ni kusuka tabaga, vile vifuniko vya chakula vya ukindu wa rangi ambavyo pasipokuwa navyo harusi ya Kinubi haijakamilika. Mtaani hakuna anayemwita kwa jina. Wanubi na wasio Wanubi wote humwita Habuba, yaani bibi, na walianza kumwita hivyo kabla hata hajapata mjukuu, kwa sababu ya hiyo nyumba.

Zamani nyumba haikuwa hivyo. Ilikuwa chini kama za wengine, na maji yaliingia na kutoka yalivyotaka. Mwaka mmoja mfereji mkubwa ulifurika, vyoo vikatapika, na chemchemi ambayo mtaa mzima ulichota ikawa na rangi ya chai ya maziwa. Mwanawe Ramathan alikuwa katika umri wa kukimbia lakini bado hajafika umri wa kusikia. Asubuhi alicheza katika maji hayo. Adhuhuri alianza kuhara. Jua lilipozama macho yake yalikuwa yamezama pia, na ngozi ya tumbo ukiivuta ilibaki imesimama kama kitambaa kilichopigwa pasi vibaya. Kipindupindu hakikumpa mama yake hata muda wa kutafuta mtu wa kuwavusha. Mtoto alikufa mapajani pake, juu ya kitanda kilichoinuliwa kwa matofali, huku maji yakigonga chini ya kitanda kama mbwa anayetaka kufunguliwa.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Faridah akaanza kununua maramu, ule udongo mwekundu wa kujazia barabara, na matofali yaliyovunjika. Kila alipouza tabaga, gari dogo la udongo lilikuja. Aliinua sakafu, akainua kuta, akainua mlango, akaongeza ngazi. Majirani walicheka. Walimuuliza kama anajijengea kaburi la ghorofa. Mvua iliyofuata ilipokuja, hata tone moja halikuvuka kizingiti chake, na kicheko kikaisha. Jirani wa kwanza akaja na mtoto wake, akaomba amweke tu mpaka maji yapungue. Wa pili akafuata. Tangu hapo ikawa desturi: mvua kubwa ikinyesha, wakubwa hubaki makwao kuchota maji kwa ndoo na kulinda vitu, na watoto hupelekwa kwa Habuba.

Aliwapokea kwa masharti. Kila mtoto alinawa miguu nje kwa maji yenye dawa ya kuulia vijidudu, mwenye kamasi akanawa na uso. Hakunywa mtu maji ambayo Faridah hajayachemsha kwa mkono wake. Choo cha nje kilipigwa marufuku. Kulikuwa na ndoo yenye kifuniko na jivu. Madirisha yalifungwa na nyufa zikazibwa kwa matambara, maana unyevunyevu ule ulikuwa baridi inayoingia kifuani, na mbu nao. Kisha Faridah alifukiza bakhuri katika kitezo mpaka chumba kikanukia kama nyumba ya bibi arusi. Watoto walilala wamebanana mkekani, pumzi ya huyu shingoni mwa yule, joto, wakavu, salama. Miaka ikapita, na hakuna hata mmoja aliyehara katika nyumba ile. Faridah alijivunia jambo hilo kuliko tabaga zake zote.

Wifi yake Rashidah, dada wa marehemu mume, aliyekaa naye, hakuipenda desturi hiyo. Alikuwa na ulimi wa wembe. Alisema nyumba imegeuzwa zizi, na kwamba siku moja shukrani ya punda itakuja na mateke yake. Faridah alimjibu kwamba kwao Bombo mtu hakufukuzwa mlangoni wakati wa mvua, hata angekuwa mwizi. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ndivyo mama yake alivyomfundisha.

Baadaye binti yake Shakirah akazaa, na baba wa mtoto akayeyuka. Shakirah alikaa na mtoto miezi michache tu, kisha akapata kazi ya nyumbani Riyadh, akaenda. Kabla ya kupanda basi la kwenda uwanja wa ndege alimweka mtoto mikononi mwa mama yake. Aliitwa Hamim. Alikuwa mnene, mwenye mikunjo mapajani, na alicheka kila alipoona ukindu mwekundu.

"Mama," Shakirah alisema, "mimi nakwenda kumtafutia huyu. Nikirudi nimkute."

Faridah hakuapa, maana si mtu wa viapo. Alimfunga mtoto mgongoni, na kuanzia siku hiyo maisha yake yote yalikuwa pale mgongoni. Kila Ijumaa Shakirah alipiga simu ya picha, na Faridah alimshika mtoto mbele ya kioo kama mchuuzi anayeonyesha embe bora.

Mwaka huo kiangazi kilikawia kuondoka. Vumbi la barabara ya Bombo lilikaa hewani kama moshi, na watu walilala nje kwa joto. Ndipo habari za surua zilipoanza kusikika, kwanza upande wa Kalerwe, kisha karibu zaidi. Gari lenye kipaza sauti lilipita likiwahimiza wazazi wawapeleke watoto kuchanjwa. Faridah alisikia. Hamim alikuwa ametimiza miezi tisa, na kituo cha afya cha mtaa kilichanja siku za Alhamisi. Alimwambia Rashidah kwamba Alhamisi hiyo atakwenda.

Jumatano mvua ikaja. Haikuja kidogo kidogo kama mgeni anayebisha hodi, iliangusha mlango. Asubuhi ya Alhamisi maji yalikuwa kiunoni njiani, meusi, yamebeba chupa, maganda ya matoke na vitu vingine ambavyo Faridah alivijua na hakutaka kuvitaja. Jirani yake Akeyo, Mjaluo anayekaanga samaki, alipita akiwa amebebwa mgongoni na mmoja wa vijana wanaovusha watu kwa malipo, na yeye amemshika mwanawe mchanga juu ya kichwa cha yule kijana. Alimwita Faridah waende pamoja. Alisema kituo kiko juu, kiko wazi, muuguzi amefika.

Faridah alisimama kwenye ngazi na Hamim kifuani. Aliyatazama maji. Yalipanda ngazi ya kwanza na kushuka, yakapanda na kushuka, kama yanavyofanya yakingojea. Alimwona Ramathan ndani yake, si kwa ndoto, bali kama unavyoona kitu ulichokiacha mahali.

"Huyu siwezi kumpitisha humo," alimjibu Akeyo. "Yule kijana akiteleza? Nitakwenda wiki ijayo, maji yakipungua."

Akeyo alisema sawa, akaenda. Mtoto wake alichanjwa siku hiyo, akalia kidogo, akarudi amelala. Mpaka leo yuko, na hana hata baka.

Alasiri ya siku hiyo hiyo, nyumba ikiwa imeshajaa watoto, Nelima alikuja. Huyu alikuwa Mbukusu kutoka Bungoma, mumewe Makokha ni askari wa lango kule Kyambogo. Walikuwa wamehamia chumba cha chini kabisa, kandokando ya mfereji, kwa sababu ndicho walichokiweza. Alikuwa amelowa mpaka kifuani, na mwanawe Wanjala amefunikwa gubigubi kwa shali. Mtoto alikohoa. Faridah alifunua shali akaona macho mekundu yenye machozi na pua inayochuruzika.

"Ana nini?"

"Baridi tu, Habuba. Na moshi. Jiko limelowa, nimewasha kuni mbichi, umemwingia machoni."

"Anahara?"

"Hapana."

"Anatapika?"

"Hapana, Habuba. Hata uji amekunywa."

Hayo ndiyo maswali Faridah aliyokuwa nayo. Hakuwa na jingine. Kwa miaka yote hiyo adui yake alikuwa na mlango mmoja wa kuingilia na mlango mmoja wa kutokea, na yeye alisimama kwenye milango yote miwili na rungu. Aliweka kiganja kwenye paji la uso la mtoto, akahisi joto, akasema joto ni la homa ya mvua, watoto wote wanayo. Akamnawisha miguu kwa dawa mara mbili, kwa kuwa alitoka karibu na mfereji. Akamlaza katikati ya wenzake, mahali penye joto zaidi. Hamim alikuwa hatua chache kutoka hapo, akitambaa juu ya miguu ya watu.

Nelima hakutazama nyuma alipokuwa akiondoka. Baadaye Rashidah alisema hiyo ndiyo dalili waliyoikosa, maana mama anayeacha mtoto kwa amani hugeuka.

Mvua haikukatika. Ilinyesha usiku, ilinyesha mchana, na pale ilipopumzika ilikuwa ni kwa kunuia. Watoto walikula uji, waliimba nyimbo za shule, walipigana, walikojoa kwenye ndoo kwa zamu. Wanjala alikohoa na chumba kizima kikakohoa naye kwa mzaha, kwa kuwa kikohozi chake kilikuwa na mlio wa mbwa na kiliwachekesha. Madirisha yalibaki yamezibwa. Faridah alichemsha maji mpaka mikono ikamchubuka. Hakuna aliyehara.

Jumamosi asubuhi Rashidah alikuwa akimvua Wanjala shati ili alikaushe. Alinyamaza. Kwa Rashidah kunyamaza lilikuwa jambo zito, na Faridah akageuka. Nyuma ya masikio ya mtoto, kwenye shingo, na kushuka kifuani, palikuwa na vipele vyekundu kama aliyenyunyiziwa mchanga wa matofali.

"Wifi," Rashidah alisema polepole, "hii si baridi."

Faridah alimnyakua Hamim kutoka sakafuni kabla hajajua anafanya nini. Alimpeleka chumba cha nyuma, akafunga mlango, akasimama humo gizani akiwa amemfunika pua kwa ncha ya kanga. Lakini Hamim alikuwa amelala chumba kile kile siku mbili na usiku wake. Alikuwa amekwisha kuivuta hewa ile pamoja na wengine.

Habari za surua haziogopi maji. Kabla ya adhuhuri akina mama walikuwa mlangoni, kila mmoja akivuta wake. Kuna waliolia, kuna waliotukana. Mmoja ambaye watoto wake wawili walikuwa wamelindwa na nyumba ile tangu wangali wakinyonya alitema mate kwenye ngazi. Rashidah alikuwa ameshaweka shali na kikombe cha Wanjala nje, na alikuwa akimsukuma mtoto mwenyewe, Nelima alipofika akipiga maji kwa mikono.

Faridah alitoka. Hakupandisha sauti.

"Mama Wanjala, ulijua?"

Nelima alimchukua mtoto wake, akamweka begani. Alikuwa msichana tu, usingempa miaka ya kuwa na mtoto. Aliitazama ile ngazi.

"Nilijua, Habuba. Macho kama haya nilishayaona kwa mdogo wangu, kule nyumbani."

"Ukamleta."

"Kwangu maji yalikuwa hapa." Alijigusa kifua. "Kitanda kinaelea. Ningekwambia, ungenifungulia?"

Watu wote walimtazama Faridah, wakingojea. Nelima alingoja kidogo, kwa adabu kabisa, kama anayengoja kurudishiwa chombo. Kisha akashuka ngazi na mtoto begani, akaingia majini, akaenda zake.

Maji yalipungua. Jua likatoka, jua zuri la baada ya mvua ambalo hukausha magodoro na kuwafanya watu wasalimiane. Alhamisi ya pili kituo cha afya chenyewe kilikuwa kimeingia matope, mafundi wanakoroga saruji, na Faridah aliambiwa arudi wiki ijayo. Hakuhangaika sana. Siku zilipita na Hamim alikuwa mzima. Alikula, alicheka, aliung'ata ukindu. Wajukuu wa Rashidah, waliokuwa pamoja naye katika chumba kile, nao walikuwa wazima. Faridah alianza kumsifu Mungu kwa sauti ya chini, kama mtu anayepita karibu na mbwa aliyelala.

Kilichokuwa kikimdanganya ni uvumilivu wa surua, ambao kipindupindu hakina. Kipindupindu huua siku hiyo hiyo. Surua hukaa ndani ya mtoto ikijipanga, huku mama yake akishukuru.

Alhamisi iliyofuata alimpeleka Hamim kituoni. Tangu Jumatatu mtoto alikuwa na joto na macho ya kulia, na Faridah alijiambia ni meno. Muuguzi alimfungua Hamim kinywa, akamwelekeza kwenye mwanga wa dirishani, akaona madoa meupe ndani ya mashavu. Akaiweka sindano chini. Alisema imeshaingia, kwamba chanjo hiyo ilikuwa ya juzi na si ya leo, na kwamba ampeleke hospitali kubwa wakampe dawa ya vitamini na kumwangalia kifua. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa amekwisha kusema maneno hayo hayo kwa watu wengi asubuhi ile, na yalikuwa yamemchakaa mdomoni.

Hospitali ilikuwa imejaa. Watoto watatu walilala kitanda kimoja, wengine chini kwenye mikeka, na wauguzi waliruka miguu ya akina mama kama watu wanaovuka shamba la viazi. Hamim alipata vipele, kisha kinywa kikajaa vidonda, asiweze kunyonya chupa wala kumeza uji. Kisha kifua kikabana. Alipumua kwa mbavu. Daktari kijana aliyechoka alimsikiliza kifua akasema ni nimonia iliyopanda juu ya surua, akamwandikia dawa, wakampa hewa kwa mpira puani, mpira ambao aligawana na mtoto wa kando.

Ijumaa simu ya Shakirah ililia. Faridah alitoka nje ya wadi, akaipokea bila picha. Alisema mtandao ni mbaya. Shakirah aliuliza mtoto yuko wapi. Faridah alisema amelala. Hilo halikuwa uongo. Shakirah alicheka, akasema amwamshe tu, asikie sauti yake. Faridah alisema mtoto akiwa amelala haamshwi, na akakata.

Hamim alikufa Jumapili mchana, kukiwa na jua kali na kelele za watu wanaouza ndizi dirishani. Alikufa kimyakimya. Faridah alidhani amepata usingizi, akashukuru, akamfunika. Mama wa mtoto wa kando ndiye aliyemgusa bega akamwambia.

Alizikwa kabla ya magharibi, kama ilivyo sheria. Shakirah alipata habari siku ya pili yake, kwa kuwa siku ya maziko tajiri wake alikuwa amemnyang'anya simu. Inasemekana alilia jikoni amekaa sakafuni, na yule mama wa nyumba akaja akamsikiliza, akampa pole, kisha akamuuliza chai iko wapi. Mkataba wake haukuwa umefika hata nusu. Alibaki huko. Hakumlaumu mama yake. Aliendelea kupiga simu siku za Ijumaa, lakini sasa hakutaka picha.

Wajukuu wa Rashidah walipata surua wakapona. Msichana mmoja wa nyumba ya pili, Husnah, alipona akabaki na ukungu katika jicho moja. Na Wanjala, aliyeileta, alipona wa kwanza. Alikuwa amebaki mifupa, shingo nyembamba kama bua la mtama, lakini alikuwa hai, akisukuma tairi bovu mbele ya mlango wa Faridah asubuhi na jioni. Hakujua kitu. Faridah alisuka tabaga huku akimsikia, na mara nyingine alisimama, akaingia ndani, akakaa mpaka tairi lipite.

Akina mama walikuja kwenye matanga wakakaa mkekani, wakala, wakalia. Baada ya arobaini walianza kusema. Walisema nyumba ile ina kitu. Walisema afadhali maji, maji yanaonekana. Yule aliyetema mate alisema Habuba alipenda kukusanya watoto wa wenzake kwa kuwa wake walimwishia. Maneno hayo yalimfikia Faridah kamili, bila kupungua hata neno, kwa kuwa Rashidah ndiye aliyeyaleta. Rashidah alifikiri atamfariji kwa kumwambia kwamba yeye alishasema tangu mwanzo.

Mvua ya vuli ilipokuja, walikuja tena. Wangekwenda wapi? Walipanda ngazi na watoto wao, wameinamisha vichwa, hakuna aliyemkumbusha mwingine kitu. Faridah alisimama mlangoni. Madirisha sasa yalikuwa wazi, mvua ikirusha ndani. Alimshika kila mtoto paji la uso, akafunua kinywa, akatazama nyuma ya masikio, akauliza kama amechanjwa. Alikuwa amejifunza. Aliwaingiza mmoja mmoja.

Wa mwisho alikuwa Nelima na Wanjala.

Mtoto hakuwa na joto. Hakuwa na kikohozi. Faridah hakumgusa kujua, alimtazama tu.

"Ameshaugua, Habuba," Nelima alisema. "Muuguzi alisema aliyeugua hawezi kuileta tena. Huyu kuliko wote hana hatari."

"Najua."

"Basi?"

"Humu hakuna nafasi."

Nyuma ya Faridah nafasi ilionekana. Mkeka mzima ulikuwa tupu upande wa dirisha. Nelima aliuona, na Faridah alimwona akiuona. Mvua iliwapiga wote wawili. Wanjala alikuwa akichungulia ndani kwenye uji, na alimwita mtoto mmoja kwa jina, na yule mtoto akamwitikia.

"Mama," Nelima alisema, na hakuwa amewahi kumwita hivyo, "nipige mimi. Nitukane mbele ya watu. Mtoto mwache aingie."

Faridah alifunga mlango. Hakuubamiza. Aliurudisha taratibu mpaka komeo likaingia, kama mtu asiyetaka kuamsha aliyelala.

Surua ilikuwa imemwacha Wanjala mwepesi, mwili hauna akiba. Siku ya pili ya mafuriko alianza kuhara. Chumba chao kilikuwa karibu, na ukuta wa mabati hauzuii sauti. Nyumba ya juu ilisikia kila kitu, Nelima akimwita Makokha, Makokha akipiga kelele atafutwe kijana wa kuwavusha, kisha akina mama wakisema maji ya chumvi na sukari, maji ya chumvi na sukari, na mwingine akiuliza yaliyochemshwa yako wapi.

Yalikuwa kwa Faridah, jerikani mbili zimejaa, zimepoa. Hakuna mtu Bwaise nzima aliyejua kazi hiyo kumshinda: kijiko, ngoja, kijiko, akitapika ngoja kidogo, kijiko tena. Aliijua kwa kuikosea mara moja. Alikuwa amekaa kwenye kigoda na tabaga mapajani. Mikono yake haikusimama.

Rashidah alimtazama. Huyu ndiye aliyemsukuma mtoto nje ile siku ya surua.

"Wewe," alisema, "hata mimi sijafika huko."

Akachukua jerikani moja, chumvi na sukari, akakunja gurbaba yake, ile nguo ya kujifunga kiunoni, juu ya magoti, akashuka ngazi mpaka maji yakamfika tumboni. Faridah alisikia maji yakimpokea. Akawagawia watoto uji.

Rashidah alichelewa. Hakuchelewa kwa uzembe. Kipindupindu kilikuwa kimemtangulia. Asubuhi Makokha alipita mbele ya nyumba akiwa amebeba kifurushi cha shuka juu ya mabega, ameinua mikono ili kisilowe, akielekea barabara ya Bombo kutafuta gari la kwenda Bungoma. Nelima alimfuata. Hakutazama upande wa ngazi. Kilio chake kilikuwa kimeshakauka, kikabaki mlio mmoja usiopanda wala kushuka. Watoto walijazana dirishani kuona. Faridah aliwatoa mmoja baada ya mwingine akawakalisha.

Ilikuwa Ijumaa. Simu ikalia.

Shakirah alisalimia, akauliza kama mvua imewafikia. Faridah alisema imewafikia, lakini nyumba ni kavu. Shakirah alisikiliza.

"Mama, nani analia huko?"

"Ni jirani. Amefiwa na mtoto."

"Masikini. Jirani yupi?"

Faridah alitazama dirishani. Wale wawili walikuwa bado wanaonekana, wakienda polepole kwa sababu ya maji.

"Simjui," alisema. "Ni watu wa kuja."